Pumzi na mantra: ipi inaifuata nyingine?

"Oanisha pumzi na mantra." Maneno haya yamekuwa wimbo wa kila anayefundisha kutafakari, na akishayasema anasonga mbele kana kwamba kila mtu kaelewa. Wengi wanachoelewa ni kuvuta hewa kwa nguvu na kuibana kifuani mpaka maneno yatoshee. Hilo ni jambo jingine, tena lina jina lake: pranayama, yaani mazoezi ya kuitawala pumzi.

Maana yenyewe haina urefu. Mantra ni silabi, neno au fungu la maneno linalorudiwarudiwa ili akili ikae mahali pamoja, na kurudia huko huitwa japa. Kuoanisha ni kuyafanya maneno hayo yaende sambamba na kuingia na kutoka kwa pumzi. Basi.

Utata unaanza pale unapouliza ipi inaongoza. Katika mapokeo ya yoga ziko njia mbili, na zinapishana kabisa.

Ya kwanza ni ajapa japa, yaani japa isiyotamkwa. Pumzi huachwa ijiendee. Ikiingia unaisikiliza kama "so", ikitoka "ham" (wapo wanaogeuza mpangilio, wasigombane). Maandiko ya kale ya yoga yanasema kila mtu hufanya japa hiyo mara 21,600 kwa siku, ajue asijue. Piga hesabu: pumzi 15 kwa dakika, kwa dakika 1,440 za usiku na mchana. Tarakimu hiyo haikuwekwa ili ukae unahesabu. Inakuambia kwamba mantra inasemwa tayari, hata ukiwa usingizini, na kazi yako ni kutega sikio tu.

Ya pili ni pranayama yenye mantra. Hapa mantra ndiyo kipimo, na pumzi inatii. Gheranda Samhita, kitabu cha mafundisho ya yoga, inaagiza uvute pumzi huku ukirudia silabi moyoni mara 16, uibane kwa mara 64, kisha uitoe kwa mara 32. Jaribu kuziwazia hizo 64 kwa utulivu, utaona kwa nini jambo hili hufundishwa hatua kwa hatua, chini ya mtu anayelijua. Patanjali naye, mwalimu wa kale wa yoga, katika sutra zake (semi fupi za mafundisho) aliieleza pranayama kuwa ni kukatizwa kwa mwendo wa kuvuta na kutoa pumzi. Sasa mtu anayekatiza na mtu anayeachia wanafanyaje kazi moja?

Lakini ndivyo zinavyofundishwa, zikiwa zimechanganywa. Mnaanza na "so" na "ham" taratibu, na kabla hamjatulia inakuja amri: bana, hesabu nne! Mwanafunzi aliyekuwa anasikiliza anageuzwa kuwa msimamizi wa mapafu yake, anatweta, halafu anaambiwa hana umakini.

Mantra ya kuimba kwa sauti haina ubishi huo, kwa kuwa sauti hutoka na pumzi inayotoka. Anayekuambia "vuta pumzi ukiimba Om" hajawahi kujaribu. Hapo maneno yenyewe ndiyo yanayopanga pumzi. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake, Italia, walichapisha utafiti wa watu 23 waliokariri Ave Maria kwa Kilatini na mantra ya "om-mani-padme-om". Katika hali zote mbili kupumua kulishuka hadi takriban mara sita kwa dakika.

Na wapo wasiooanisha kabisa: katika Transcendental Meditation, mtindo mmoja wa kutafakari, mantra hurudiwa moyoni bila kufungwa na pumzi.

Kwa hiyo ukiambiwa uoanishe, uliza kwanza: niifuate pumzi au niiongoze? Ukijibiwa uifuate, acha kubana. Mantra ikiwa ndefu, usiisukume ndani ya pumzi moja. Gayatri, mantra maarufu ya Kihindu, ina silabi 24 katika mafungu matatu ya nane nane, kwa hiyo ukiisoma kwa sauti una mahali pa kuvuta pumzi. Ukiisema moyoni, maneno hayali hewa. Pumzi ikigeuka katikati ya neno, iache igeuke, wewe endelea na silabi inayofuata. Vidole vikianza kufa ganzi au kichwa kikizunguka, usidhani umefika mbali kiroho. Huenda umepumua kupita kiasi na hewa ukaa imepungua kwenye damu. Weka mantra kando, upumue kama kawaida mpaka ganzi iishe.