Kizunguzungu kimekuzuia kufanya nini?

Mgonjwa wa kizunguzungu anaweza kupimwa presha, sukari, damu na usikivu, majibu yote yakawa mazuri, na bado akashindwa kupanda mtumbwi bila kushikwa mkono. Mimi ni daktari wa masikio, pua na koo hapa Kigoma, na vipimo vikiisha huwa nina maswali 25 ya kuuliza.

Ni dodoso la Jacobson na Newman, wataalamu wa usikivu wa Marekani, lililochapishwa mwaka 1990. Jibu la "ndiyo" lina alama 4, "mara nyingine" 2, "hapana" 0. Jumla haizidi 100, na kadiri inavyopanda ndivyo maisha yanavyobanwa. Maswali saba ni ya mwili: ukiinama, ukitazama juu, ukijigeuza kitandani, hali inazidi? Mama anayeanika dagaa Kibirizi hahitaji kufafanuliwa la kuinama. Tisa ni ya shughuli za kila siku, tisa ya moyoni.

Katika hayo ya moyoni limo moja ninalolithamini kuliko yote: unaogopa watu watadhani umelewa? Mzee wa Ujiji anayeyumba njiani asubuhi hatakwambia mwenyewe kwamba ameacha kwenda msikitini kwa kuogopa macho ya watu. Ukimuuliza kwa heshima, anasema, na mara nyingi anasema mengi.

Swali la kupita kati ya rafu za supamaketi linatupa shida, maana wengi wetu tunanunua sokoni. Huwa nauliza habari za soko pembeni, naandika jibu bila kulihesabu. Kubadilisha swali kienyeji kisha kulinganisha alama na za kwingine si sahihi. Swali jipya sharti lijaribiwe kwanza.

Watungaji walieleza kwamba alama zikishuka kwa 18 au zaidi baada ya tiba, hapo ndipo tuamini kuna nafuu. Kutoka 60 hadi 52 bado.

Ila jumla pekee haitoshi, wala haitaji ugonjwa. Wawili wakipata 40, mmoja zaidi kwa maswali ya mwili, kama la kujigeuza kitandani, huenda chembe za chokaa za sikio la ndani zimehama mahali pake; nikithibitisha, namlaza na kumgeuza kichwa kwa utaratibu maalumu zirudi. Mwingine alama zake ni za woga: huyo namwomba aje na ndugu yake, tupange pamoja atakavyoanza tena kutoka nyumbani.