Kala modi ni kitu gani, na mbona bluu ya kwenye kioo inatoka zambarau kwenye kadi

Ukifungua faili jipya kwenye programu za kudizaini kama Illustrator au Photoshop kuna sehemu inakuuliza kala modi, RGB au CMYK, na wengi tunapita tu tunabonyeza OK maana kwenye kioo zote zinaonekana ni rangi tu. Kazi inaanza kuharibikia hapohapo, ila utakuja kujua siku kadi 300 zimeshakatwa na ziko mezani.

Kala modi ni namna kompyuta inavyoandika rangi. Faili halitunzi "nyekundu", linatunza namba, na kala modi ndo inasema hizo namba ni za mwanga au ni za wino.

RGB ni ya mwanga. Kioo cha simu au cha laptop kina vitaa vidogo sana vya nyekundu, kijani na bluu, kila kimoja kinapewa namba kuanzia 0 mpaka 255, vyote vikizima unapata nyeusi, vyote vikiwaka mpaka mwisho unapata nyeupe. CMYK ni ya wino. Karatasi haiwaki, inategemea jua au taa ya chumbani, alafu wino unameza sehemu ya huo mwanga na jicho linapokea kilichobaki. Wino ziko nne: sayani (bluu ya kijanikijani), majenta (pinki iliyokolea), njano na nyeusi (hiyo ndo K), kila moja kwa asilimia, 0 mpaka 100. Nyeupe haina wino wake, nyeupe ni karatasi yenyewe.

Sasa shida ni kwamba wino haufiki kila mahali mwanga unapofika. Zipo rangi kioo kinazitoa vizuri kabisa ila ukichanganya hizo wino nne vyovyote utakavyo huzipati, na zinazoumia zaidi ni bluu kali, kijani cha kuwaka na machungwa. Mi nilijifunza kwa kadi za harusi. Bi harusi kachagua royal blue, mapambo royal blue, sare za kamati royal blue, nikadizaini kwa RGB nikamtumia picha kwenye simu akafurahi, nikapeleka kiwanda cha kuchapa, kadi zikatoka zambarau. Nilidhani mashine mbovu. Fundi akanipa kile kilenzi chao cha kukuzia akaniambia "angalia mwenyewe kaka", nikaona vidoti vya sayani na vya majenta vimebanana karibu sawa kwa sawa, na sayani na majenta zikikaribiana hivyo jicho halina namna, litaona zambarau.

Namba zenyewe ni hizi. Bluu safi ya RGB ni 0, 0, 255. Ukiibadili kwenye Photoshop kwa profaili (maelezo ya jinsi wino na karatasi fulani vinavyotoa rangi) ya SWOP, ile ya Marekani inayokuja nayo, inakuwa sayani 88 na majenta 77. Tiba yake ni kushusha majenta kwa mkono, waliozoea wanaacha pengo la 30 au zaidi kati yake na sayani, kwa hiyo sayani 100 majenta 60 au 65 bado ni bluu ya kueleweka. Haitang'aa kama ya kwenye kioo, ila itakuwa bluu, na mteja aambiwe mapema. Kama kampuni inataka bluu yake ileile kila siku basi ni wino maalumu unaochanganywa kabla, wa Pantone, na hiyo ni pleti (bamba la kuchapia, kila wino lina lake) ya tano na hela nyingine.

Nyeusi nayo naomba uisome taratibu maana inaharibu kazi nyingi kuliko bluu. Nyeusi ya RGB ni 0, 0, 0. Ukiibadili kwa profaili hiyohiyo haiwi wino mweusi peke yake, inakuwa sayani 75, majenta 68, njano 67, nyeusi 90, jumlisha unapata asilimia 300 za wino kwenye herufi moja ndogo ya jina la ukumbi! Pleti nne zikiachana kidogo tu, hata unene wa unywele, maandishi yanatoa kivuli cha pinki huku na cha bluu kule, na wino wote huo unachelewa kukauka unachafua mgongo wa karatasi ya juu yake. Magazeti ndo kabisa, karatasi yake inavumilia kama 240 tu. Kwa hiyo maandishi yawe K 100 na zingine zote 0. Ila eneo kubwa jeusi, mfano jalada zima, K peke yake inatoka imefifia kama kijivu cha mkaa, hapo unaongezea sayani 40 hivi na linakuwa nzito.

Kiutendaji: Illustrator na CorelDRAW anza na CMYK tangu mwanzo. Picha za kamera ziache RGB wakati unazirekebisha, badili mwishoni mara moja, na nakala ya RGB uitunze, kwa sababu ukishabadili kisha ukarudi RGB rangi zilizopotea hazirudi. Photoshop ukibonyeza Ctrl na Y inakuonyesha takriban itakavyotoka bila kubadili faili. Ukitoa PDF chagua aina inayoitwa PDF/X-1a, hiyo hairuhusu RGB kubaki ndani.

Alafu CMYK yenyewe siyo moja. Namba zilezile kwenye karatasi ya kung'aa na kwenye karatasi ya daftari zinatoka tofauti, ndo maana kuna profaili, FOGRA39 kwa mfano ni ya ofseti (uchapaji wa mashine za pleti) kwenye karatasi laini iliyopakwa. Uliza kiwanda wanatumia ipi kabla hujaanza. Na siyo kila kinachochapwa kinataka CMYK, studio za kusafisha picha na wengi wa vikombe na fulana za sablimesheni (wino unaohamishwa kwa joto) wanapokea RGB, ukiwapelekea CMYK umeshazipunguza rangi bure.

Zile kadi nilizirudia kwa hela yangu. Safari hii nilitoa karatasi moja kwanza kwenye mashine ileile, sayani 100 majenta 62, nikampelekea dada wa watu mpaka nyumbani, tukatoka nayo nje juani akaiweka juu ya kipande cha kitambaa cha sare, akaangalia weee, akasema chapa.