Sarafu ya ukumbusho ya kikundi: yanayosemwa na yalivyo

Chama kikikaribia kutimiza miaka ishirini, hakosi mjumbe wa kusema, "Tutengeneze sarafu." Hapo maneno huanza, na mengi si kweli.

Wapo wanaosema ni kosa la jinai, kwamba sarafu ni ya Benki Kuu peke yake. Benki Kuu ina haki ya kutoa fedha, haimiliki kila chuma cha mviringo. Sarafu ya shilingi 40 iliyotoka Kenya mwaka 2003, kwa miaka 40 ya uhuru, ilikuwa ya ukumbusho na dukani ilikubalika. Ya chama chenu hainunui hata njugu. Ili ibaki hivyo, msiandike "shilingi" wala thamani, msiige iliyoko sokoni, na nembo ya taifa msiiguse bila kibali.

Wapo pia wanaodhani ni dhahabu. Kwa kawaida ni zinki au shaba ya njano iliyochovywa ipate rangi ya dhahabu, na utando wenyewe ni mwembamba kuliko unywele. Shaba ni nzito zaidi mkononi, zinki hufaa kwa umbo lenye matundu.

"Nembo yetu itaingia kama ilivyo." Hapa ndipo pesa hupotelea. Nyingi ya sarafu hizi zina kipenyo cha milimita 40 hadi 50, na kamati inataka jina, kaulimbiu, mwaka, ramani na waanzilishi wote kumi na wawili! Herufi ndogo mno huziba. Rangi ya kufifia kutoka buluu hadi nyeupe haiwezekani kwa enameli, yaani rangi ya kujazwa kwenye chuma, maana kila rangi hukaa kwenye kisima chake, kimezungukwa na ukuta wa chuma. Enameli laini hukaa chini ya ukuta, ukipitisha kidole unahisi matuta. Enameli ngumu hujazwa hadi ukingoni, huokwa, kisha husuguliwa mpaka uso uwe tambarare. Wengi huambiwa ngumu ndiyo bora. Mimi napenda yale matuta, na bei yake huwa nafuu.

Kuhusu maneno, Kilwa walijua kubana. Sarafu za shaba za Sultani Ali bin al-Hassan zina jina lake upande mmoja, na upande wa pili tamko la kumtegemea Mola, pande mbili zikilingana vina. Hata mwaka haumo.

Kuagiza chache nako si kuokoa sana. Kuchonga kalibu, yaani umbo la chuma la kutolea sarafu, hugharimu kilekile, ziwe 20 au 200, kwa hiyo zikiwa chache kila moja hubeba mzigo mkubwa. Ulizeni mapema kama kalibu itahifadhiwa.

Na kosa la herufi "watalirekebisha"? Kalibu ikishachongwa, kurekebisha mara nyingi ni kuchonga nyingine, kwa pesa yenu. Mchoro wa mwisho msiupitishe kwenye simu, ambako kila kitu hukuzwa kwa vidole viwili. Uchapisheni kwa ukubwa wake halisi, mkate duara kwa mkasi, mmwekee kiganjani mjumbe mwenye macho dhaifu kuliko wote, asome kwa sauti.