“Kaka, hiyo ilifeli”: dhana ninazozisikia kibandani kuhusu alama za gemu

Wiki iliyopita kijana mmoja aliingia kwenye kibanda changu cha kuchezea gemu hapa Mwanga, Kigoma, akapitisha macho kwenye orodha niliyoibandika ukutani, akaweka kidole kwenye gemu ya I Am Alive. “Kaka, hii itoe. Ilifeli.” Nikamwuliza kama amewahi kuicheza. Hajawahi. Ameona namba kwenye simu. Ni mtu wa nne kuniambia hivyo tangu Ramadhani, na huyu wa nne ndiye aliyenifanya nitafute kalamu.

Tuanze na hilo neno kufeli. Namba aliyoiona ni ya Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki na kutoa wastani kati ya mia: sitini na kitu kwa toleo la kompyuta na la Xbox 360, mashine ya kuchezea gemu. La PS3, mashine nyingine ya aina hiyo, lilipanda kidogo. Sasa, kijana huyu amemaliza kidato cha nne. Kwenye matokeo ya Baraza la Mitihani, 65 hadi 74 ni B. Yeye mwenyewe alipata C ya Hesabu na kwao kuku alichinjwa. Gemu ikileta B, imefeli! Rangi nazo zinachangia. Metacritic wanaipa gemu kijani kuanzia 75, chini ya hapo ni njano, chini ya 50 nyekundu. Filamu kwao ilikuwa inapata kijani kuanzia 61. Kwa hiyo namba ileile moja inakuwa nzuri kwa filamu na ya wasiwasi kwa gemu, na mtu anayetazama rangi bila kujua mpaka umechorwa wapi anadanganyika mchana kweupe.

Ila hilo dogo. Kinachonikera hasa ni mtu kudhani wastani wa sitini na kitu maana yake wahakiki wote walikaa, wakakubaliana kwamba gemu ni ya hivyohivyo tu. Hakuna waliokubaliana. Kwa I Am Alive wapo walioipa chini ya tano kati ya kumi, wapo waliopanda mpaka nane, na wastani ukatua katikati, mahali ambapo pengine hakuna aliyesimama. Na waligombania nini? Mambo yaleyale.

Gemu yenyewe iko hivi. Mwaka mmoja umepita tangu janga ambalo humo wanaliita Tukio tu, bila jina jingine. Mwanamume anarudi Haventon, mji wa kubuni wa Marekani, kumtafuta mkewe na bintiye. Barabarani vumbi limetanda na linakula pumzi, kwa hiyo inakubidi upande magofu ukatafute hewa juu. Kupanda nako kunakula pumzi. Mstari wa pumzi unaouona kwenye skrini ukikaukia ukutani, unaanza kupungua urefu wake wenyewe, na kuurudisha kunataka maji au chakula, ambavyo havipo. Ukifa, una nafasi chache za kurudia. Zikiisha unarudishwa nyuma sana. Ukitaka nafasi zaidi, njia mojawapo ni kumsaidia mtu unayemkuta njiani, na kumsaidia ni kumpa kile ulichokuwa umejiwekea.

Soma tahakiki za wakati ule. Huyu analalamika kwamba kupanda kunachosha. Yule naye anasema kupanda kunachosha, na ndiyo sababu kaipenda. Nafasi za kurudia: kwa mmoja ni adhabu ya kizamani, kwa mwingine ndizo zinazofanya kila hatua iwe na bei. Ule ukijivu wa picha: kwa mmoja ni umaskini wa michoro, kwa mwingine ni hali ya hewa ya dunia iliyokufa. Wote wameona kitu kimoja, na wote wamekieleza sawasawa. Sasa wewe namba itakusaidia nini hapo? Unachohitaji kujua ni kama wewe ni mtu wa kuchoka kwa raha au la.

Kitu ambacho karibu kila mtu alikisifu ni bastola. Mara nyingi haina risasi hata moja. Unamwelekezea mtu anayekufuata na panga, anarudi nyuma. Ukikawia anashtukia kwamba huna kitu, anakuja. Hapa kibandani nimeona wavuvi wa dagaa, wale wanaojaa siku za mbalamwezi kwa sababu taa zao haziwavutii samaki, wakikaa kimya kabisa kwenye sehemu hiyo. Wavuvi kimya! Mmoja wa Kibirizi, aliyezoea mpira tu, alitazama mstari wa pumzi ukishuka akasema, “Huyu jamaa anachoka kama sisi.” Sijasoma uhakiki uliosema vizuri zaidi ya hapo.

Na kuna jambo la pili linalofichwa na wastani: kila mmoja aliipima kwa kipimo chake. I Am Alive ilitangazwa 2008 ikiwa mikononi mwa Darkworks, studio ya Ufaransa, ikionekana kama gemu kubwa ya dukani. Ikahama mikono, ikaishia Ubisoft Shanghai, ikatoka Machi 2012 kwa kupakuliwa tu, dola 15. Aliyekuwa ameisubiri tangu 2008 aliona kapewa mfupa. Aliyeiona ni gemu ya dola 15 alishangaa kupewa mji mzima. Msiniambie naitetea kwa kila kitu: mapigano yanajirudia hadi unayajua kama jedwali la kuzidisha, mazungumzo mengine ni makavu, na mwisho haukupi ulichokitafuta. Mimi ningeipa saba. Lakini ningekuambia kwanza saba ya nini.

Ushauri wangu kwa kila mteja, ambao hawaufuati: tafuta uhakiki wa chini kabisa, usome maneno, usitazame namba. Kama malalamiko yake ni vitu unavyovipenda, gemu ni yako.

Mengine nitayapita haraka.

“Wahakiki walihongwa, alama ya wachezaji ndiyo kweli.” Hii inaletwa na gemu ya The Last of Us Part II, iliyopata 93 kwa wahakiki huku alama ya wachezaji ikiporomoka. Gemu ilitoka tarehe 19 Juni 2020. Kuimaliza kunachukua zaidi ya saa 20. Sifuri zilimiminika siku ileile. Piga hesabu mwenyewe. Mwezi uliofuata Metacritic wakaweka sharti la kusubiri saa 36 tangu gemu kutoka kabla mchezaji hajaruhusiwa kuandika. Unaweza kuichukia ile hadithi, na wapo walioichukia baada ya kuimaliza, hao nawasikiliza.

“Ilirekebishwa baadaye, alama nayo imepanda.” Haipandi. Metacritic wanahesabu alama ya kwanza ya mhakiki na ndiyo inayobaki. Days Gone ilitoka 2019 kwenye PS4 ikiwa na hitilafu tele, ikapata 71. Masahihisho yalikuja, 71 ikabaki pale. Toleo la kompyuta la 2021, lililohesabiwa upya kama bidhaa nyingine, likapata 76. Ukinunua ile ya PS4 leo huchezi ya siku ya kwanza, lakini namba unayoisoma ni ya siku ya kwanza.

“Alama ni kelele za mtandaoni, hazimgusi mtu.” Waulize Obsidian waliotengeneza Fallout: New Vegas ya 2010. Bonasi yao ilifungwa kwenye 85 ya Metacritic. Wakapata 84.

Na hii ya wazazi: “Gemu kazi yake ni kufurahisha, ya kuhuzunisha ni mbaya, tena inaharibu watoto.” Mtoto mdogo simpi, hata mama yake akiwa ameniachia hela. Ila ubaya na huzuni ni vitu viwili. This War of Mine ya 11 bit studios, kampuni ya Poland, ilitoka 2014. Ni raia waliokwama kwenye mji uliozingirwa, na watengenezaji walichukua mfano wa Sarajevo. Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuiingiza kwenye orodha ya vitabu vinavyopendekezwa kwa wanafunzi wa sekondari, wale waliofikisha miaka 18. Huku kwetu ambako kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, sijui nani anadhani watu hawaijui habari hiyo. Kijana mmoja ambaye mama yake alivuka ziwa akitokea Kongo aliicheza kwenye kompyuta yangu hadi nyumba ya wazee wawili, ambao ukiwaibia dawa na chakula hawana la kukufanya. Akaweka mausi chini, akalipa, akatoka bila kuaga. Nikajua nimempoteza mteja. Kesho yake saa tatu asubuhi, sijamaliza kufungua mlango, alikuwa amesimama nje.

I Am Alive bado ipo. PS3 ya pili kutoka mlangoni, ile ambayo pedi yake kitufe cha kulia kinanata. Shilingi 500 nusu saa, na anayekuja kuniambia ilifeli alipie kwanza.