Mchwa si sisimizi weupe

Juzi fundi mmoja hapa Dodoma alikwangua ule mstari wa udongo uliopanda ukutani kwangu kama mshipa, akasema kwa uhakika: "Hawa sisimizi weupe, bosi. Ukichelewa watafika kwenye kenchi." Ni mara ya tatu nasikia hivyo msimu huu.

Mchwa ni mdudu wa makundi anayekula mbao, majani makavu na karatasi. Basi. Kinachonikera ni huo undugu wa kubandikwa. Sisimizi ni jamaa ya nyuki na nyigu. Jamaa ya mchwa ni mende, yule yule wa kabatini. Mwaka 2007 watafiti waliolinganisha vinasaba walipendekeza mchwa wahesabiwe ndani ya kundi la mende, na ndivyo wanavyopangwa sasa.

Hata bila maabara utaona. Sisimizi ana kiuno chembamba na vipapasio vilivyopinda kama kiwiko. Mchwa hana kiuno, na vipapasio vyake ni kama shanga zilizotungwa. Kwa mchwa mfalme huishi na malkia wake miaka. Dume la sisimizi hufa mara baada ya kujamiiana.

Na kumbikumbi je? Ni mchwa hao hao, waliopewa mbawa waende kuanzisha makazi mapya. Mvua za kwanza zikinyesha hapa Dodoma hujaa chini ya taa, watoto wakawaokota, mama akawapepeta mbawa kwa ungo na kuwakaanga bila mafuta, maana wanayo yao. Waganda humwita huyo mwenye mbawa enswa, Washona wa Zimbabwe ishwa. Yatamke karibu na "mchwa" usikie. Sisi jina tumempa yule wa ardhini, na wa angani tukamtafutia jingine, ndipo watu wakadhani ni wadudu wawili.

Alfred Emerson, Mmarekani aliyezaliwa 1896, aliwafuata mchwa hadi misitu ya Guyana, akafundisha Chuo Kikuu cha Chicago kwa miongo mitatu, akilitazama kundi zima la mchwa kama mwili mmoja. Mikusanyo yake ipo kwenye makumbusho New York. Mtu amemaliza umri wake kwa mdudu huyu, sisi hata jina tunamkosea.

Fundi wangu, Jumamosi ukija na dawa, sema mchwa tu. Sisimizi wako jikoni, kwenye kopo la sukari, na hao hawajawahi kugusa kenchi yangu.