Moshi wa kisu cha umeme thieta: je, unaweza kukuambukiza?

Moshi huo una nini?

Aliyewahi kusimama karibu na meza ya upasuaji anaijua harufu yake: ni ya nyama inayoungua. Kisu cha umeme kinapogusa tishu, maji yaliyomo ndani ya seli huchemka, seli hupasuka na vilivyomo hupaa na mvuke. Takriban asilimia 95 ya moshi ni maji. Kwenye asilimia 5 iliyobaki kuna benzini, sianidi ya haidrojeni, mabaki ya seli na, kwa baadhi ya wagonjwa, virusi.

Kuna mtu aliyewahi kuugua?

Wameandikwa wachache, lakini habari zao zinatisha. Mwaka 1991 iliripotiwa Norway kuhusu daktari wa miaka 44 aliyekuwa akiwachoma wagonjwa masundosundo (chunjua za sehemu za siri) kwa leza. Chunjua zilimwota kwenye zoloto, mahali sauti inapotokea, na zilipopimwa zikakutwa na HPV, kirusi kinacholeta chunjua, aina ya 6 na 11, zilezile zinazoleta masundosundo. Ujerumani, muuguzi wa thieta ya magonjwa ya wanawake alipata chunjua kama hizo, na ikakubaliwa kuwa ni ugonjwa uliotokana na kazi.

Kwa hiyo nawafikiria sana wenzetu wa kliniki za mlango wa kizazi, wanaoondoa tishu zenye dalili za awali za saratani kwa kitanzi cha waya wa umeme. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi zinatokana na HPV. Mtoa huduma huinama, uso ukiwa karibu kabisa na moshi unapotokea, mara nyingi katika chumba kidogo.

Na VVU, je? Homa ya ini?

Virusi vya homa ya ini B vilikutwa katika moshi wa upasuaji wa matundu (unaofanywa kupitia matundu madogo mwilini) Korea Kusini, kwa wagonjwa 10 kati ya 11 waliopimwa (2016). Ila kukuta kirusi hewani ni jambo moja, mtu kuambukizwa ni jingine. Hakuna anayejulikana kupata VVU kwa kuvuta moshi huu. Kujichoma sindano ni hatari kubwa zaidi.

Si tunavaa barakoa?

Barakoa ya kawaida ya thieta inazuia mate na matone. Chembe za moshi wa kisu cha umeme zina wastani wa mikromita 0.07, na hewa hupenya pembeni mwa mashavu. N95, barakoa inayobana uso na kuchuja chembe ndogo, ni bora zaidi, lakini hata hiyo ni kinga ya pili.

Kinga ya kwanza ni kuufyonza moshi palepale unapozaliwa. Mdomo wa bomba uwe ndani ya sentimita 5 kutoka kisu kinapogusa. Msaidizi akichoka na mkono ukarudi nyuma kidogo tu, utauona moshi ukilipita bomba na kupanda moja kwa moja kwenye nyuso. Kwa moshi kidogo sakshen (mfumo wa kufyonza) ya ukutani inafaa, mradi iwekewe kichujio. Moshi mwingi unahitaji mashine yake maalumu.

Chanjo ya HPV ni ya wasichana tu?

Hapana. Mwaka 2020 chama cha wataalamu wa mlango wa kizazi cha Marekani, ASCCP, kilipendekeza wahudumu wanaokutana na HPV kazini nao wachanjwe.

Kichujio kilichotumika nakitupa wapi?

Vaa glavu na barakoa, kitoe bila kukikung'uta, kisha kitie kwenye mfuko wa taka za maambukizi.