Chanjo ya mbwa na paka nyumbani: nani ashike sindano?

Wafugaji wengi hutuuliza kama ni lazima mbwa au paka apelekwe kliniki ili achanjwe. Si lazima. Kwa wengine nyumbani ndiko bora. Paka aliyebanwa kikapuni na kusafirishwa hufika amechachamaa, hata kumpima joto inakuwa vita. Mtoto wa mbwa ambaye hajakamilisha chanjo naye ni heri asikanyage sakafu waliyopita mbwa wagonjwa, kwani virusi vya pavo, vinavyoharisha watoto wa mbwa hadi kuwaua, hudumu kwenye mazingira kwa miezi mingi na sabuni ya kawaida haivimalizi. Mwite daktari wa mifugo aje.

Tunachokataa ni mwenye mnyama kununua kichupa na kumdunga mwenyewe. Kudunga chini ya ngozi si kazi kubwa, hata wewe ungefundishwa ukaweza. Ugumu uko kabla ya sindano na baada yake.

Kwanza ni baridi. Chanjo hizi hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Iliyopata joto njiani haibadiliki rangi wala harufu, na baadhi yake huharibika pia zikigandishwa kwenye friza. Utadunga, utaandika tarehe, utalala usingizi, kumbe mnyama hana kinga yoyote. Kwa hiyo hata daktari akija bila kasha la barafu, muulize bila haya.

La pili, ambalo huwaponza wengi, ni umri. Watoto wa mbwa na paka hupata kinga ya mama kupitia dang'a, yale maziwa ya kwanza. Kinga hiyo huwalinda wiki za mwanzo, lakini hiyo hiyo huizima chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza kumtambua adui. Nayo haiishi kwa wote siku moja: wa tumbo moja, mmoja anaweza kubaki nayo wiki kadhaa baada ya mwenzake kuishiwa, na kwa kuwatazama huwezi kujua. Ndiyo maana chanjo ya distempa (ugonjwa wa virusi unaoshambulia mapafu na neva), pavo na homa ya ini kwa mbwa, au ya panlukopenia (ugonjwa wa paka unaofanana na pavo) na mafua ya paka, huanza kwenye wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, mpaka mtoto afikishe wiki 16 au zaidi. Ile ya mwisho ndiyo ya kuaminika kuliko zote, na ndiyo watu huiacha wakidhani mbili zilizotangulia zimetosha.

Dozi pia haigawanywi. Mbwa mdogo hupewa sawa na mkubwa.

Kuhusu kichaa cha mbwa hatuna mjadala. Kwa kawaida chanjo hutolewa kuanzia wiki ya 12, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kila mwaka au kila miaka 3 kulingana na aina yake. Dalili zikishajitokeza, mgonjwa kupona ni nadra mno, na kati ya binadamu wanaougua, hadi asilimia 99 huambukizwa na mbwa. Paka naye achanjwe. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ana kadi ya chanjo.

Baada ya sindano, uchovu wa siku moja au mbili na kivimbe kidogo palipodungwa si jambo la kutisha. Uso ukivimba, mnyama akitapika mfululizo, ufizi ukipauka au akianguka, hiyo ni dharura, na mara nyingi hutokea mapema, daktari akiwa hajaenda mbali. Yeye ana adrenalini, dawa ya kutuliza mzio mkali wa namna hiyo, mkobani. Wewe huna. Mwombe asubiri nusu saa, na kabla hajaondoka hakikisha kadi ina jina la chanjo, namba ya toleo, tarehe ya kurudia na sahihi yake.

Siku hiyo mbwa afungwe kamba kabla mgeni hajabisha hodi. Paka afungiwe mapema kwenye chumba kisicho na kitanda, maana akishaingia uvunguni, anayeumia kwa kawaida ni yule anayeinama kumtoa.